Nani Kashika Kufuli?

Jumatatu, 4 Machi

Mgongo leo umegoma kabisa. Tangu alfajiri ni kubeba makreti ya samaki walioganda ghalani, vidole havijui hata kama vimeshika kalamu. Jioni msimamizi katuita mimi na Mrefu, ninayekaa naye chumba kimoja. Ofisini wanataka mtu wa kujifunza programu ya kuhesabia mizigo. Mmoja tu! Katukabidhi kompyuta moja kuukuu, inayoendeshwa na Linux, si Windows. Kila mtu ana upande wake humo ndani, kwa jina lake na neno lake la siri. Tuweke wenyewe vifaa vya lugha ya kompyuta inayoitwa Paithoni, na Jumatatu ijayo kila mmoja aonyeshe alichofanya. Atakayeweza anaingia ofisini kwenye joto. Asiyeweza anabaki na barafu.

Mrefu kashukuru kwa adabu, kama bwana harusi. Mimi nikawa natazama vidole vyake. Vyembamba, vya mtu wa ofisi. Urefu amepewa, sauti amepewa — na vidole pia!

Jumanne, 5 Machi

Naandika neno la siri, hakuna kinachoonekana. Hata nukta moja. Nikajua kibodi imekufa. Nikabonyeza kwa nguvu, nikaipiga kofi. Mrefu akaja, akasema taratibu: "Inaandika, kaka. Inalificha tu."

Yeye kajuaje? Eti kajaribu tu. Kwake imekubali mara ya kwanza. Mara ya kwanza!

Jumatano, 6 Machi

Kitu kidogo. Kompyuta iliniuliza kama iendelee kuweka vifaa, ndiyo au hapana. Sikujibu, nikaenda kuoga. Mrefu akaingia upande wake — ikamkatalia kila kitu. Kufuli limeshikwa na mwingine, ikamwambia. Kumbe ni swali langu lililobaki wazi: upande mmoja ukiwa katikati ya kuweka vifaa, mwingine hauruhusiwi! Nikarudi, nikajibu ndiyo, ikaachia. Yeye hakujua ni nini. Nami sikusema, niliona haya.

Alhamisi, 7 Machi

Aibu ya mwaka. Mrefu anakaanga mayai, ananisomea amri ya kuweka vifaa kutoka kwenye simu, mimi naandika. Akasema "pipi install". Nikaandika pipi. P-i-p-i. Kompyuta ikasema haijui kitu kama hicho. Nikaandika tena, haijui. Akaja na mwiko mkononi, akatazama, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Kumbe ni pip, herufi tatu. Hiyo i ya mwisho ni ya midomo yetu. Lakini ni yeye aliyetamka pipi! Midomo ni yetu sote, mjinga ni mimi.

Baadaye akakaa nami, akanirudisha nyuma hatua kwa hatua, mpaka upande wangu ukakubali. Nikaingiza idadi ya makreti, ikajumlisha yenyewe. Nilitaka kumkumbatia. Nikasema asante, kavu.

Ijumaa, 8 Machi

Ghala zima linajua. Dereva wa mashine ya kuinulia mizigo kanipigia kelele mbele ya watu: "Mzee Pipi! Huyo chatu wako anakula pipi?" Maana ameshaambiwa Paithoni ni chatu. Nikacheka nao. Meno tu.

Halafu hili. Nimetoka kuoga, nasikia sauti ya mke wangu. Kwenye simu ya Mrefu! Anacheka. Kile kicheko cha zamani, cha kabla sijaondoka nyumbani. Mimi akinipigia ni mtoto anakohoa na bati linavuja. Mrefu kasema shemeji alinikosa hewani ndiyo akampigia yeye. Nikampigia mwenyewe. Mama watoto akaanza: mwenzako ana akili, mfuate mwenzako anavyofanya. Mwenzako, mwenzako! Basi aolewe naye, nikamwambia. Akakata simu.

Na Mrefu sasa anataka kuweka kifaa kingine, cha kuchapisha lebo za makreti. Nani kakiomba? Kikikubali, mimi nimekwisha.

Jumapili, 10 Machi

Asubuhi Mrefu kaenda kufua. Nikaingia upande wangu, nikaagiza mchezo wa karata. Siutaki. Nilitaka swali tu. Likaja: iendelee? Ndiyo au hapana. Sikujibu. Nikarudi kwenye ukurasa wa kuchagua jina, upande wangu ukibaki wazi, nikamwachia kompyuta mezani.

Tangu saa sita anahangaika. "Kaka, inasema kufuli limeshikwa. Nani kashika?" Mimi nitajuaje, nikasema. Akataka aizime, aiwashe tena. Usithubutu, nikamwambia, utaua kila kitu, na kesho ndiyo siku. Kaniamini! Katoa mkono kama kaugusa moto.

Sasa hivi umeingia ujumbe wa mama watoto. Nisinune, anasema. Ijumaa alikuwa anamwomba Mrefu asiniache nyuma. Naye Mrefu kamwambia hana nia ya kwenda peke yake, ndiyo maana anahangaikia lebo: mmoja ahesabu, mmoja achapishe, amwombe msimamizi atuchukue wawili.

Nimesoma mara tatu. Kwa nini kamwambia yeye, hakuniambia mimi? Na kwa nini kila kitu ni Mrefu? Vidole vyake, simu yake, mke wangu anacheka naye — sasa hata kwa wema ananishinda!

Kanipa kompyuta. Ingia upande wako, kasema, labda wewe itakusikia. Kaenda kuchemsha chai. Niko nayo mapajani, daftari juu ya mto. Swali liko palepale, alama inawaka na kuzima. Ndiyo au hapana, lolote kati ya hayo linamwachia Mrefu kufuli. Herufi moja.

"Imeachia, kaka?" anauliza kutoka jikoni.

Bado, nimemwambia.

Namsikia anakuja. Na vikombe viwili.