Sauti ya Pili Iliyobaki Uvira

Mdogo wangu Furaha,

Nakusalimu wewe na wote wanaoamka nyumbani kwako. Goti limekubali ngazi za kanisa, au bado watoto wanakushika mkono? Mimi ni mzima, ila baridi ya Sydney imenikaa vidoleni.

Nataka kukueleza ile simu, maana nilikata bila kukuaga.

Nilishakuambia kuhusu chumba kilicho nyuma ya gereji ya matairi, hapa Granville, ambamo wazee wa Kikuba huimba nyimbo zao za zamani kila Jumamosi mchana. Ni zilezile za santuri za Baba. Kipaza sauti hakuna: gitaa na sauti mbili tu. Bi Caridad, mwenye chumba, huimba ya kwanza. Mzee Evelio alikuwa akimfuata kwa ya pili, ile ya chini. Sasa Evelio amepatwa na kiharusi. Anakuja, anakaa, anatabasamu, neno halitoki. Caridad akatutangazia kwamba wimbo wa sauti moja ni nusu wimbo, naye haiti watu kusikiliza nusu. Asipopata sauti ya pili, anafunga.

Nilijitolea. Unanijua: naanza chini, na kabla ya mstari wa pili nimeshapanda kwenye sauti ya Caridad.

"Mkongomani, shuka! Hapo nimekaa mimi."

"Nashuka, mama."

"Unashuka wapi? Umenikalia mapajani!"

Watu wakacheka, hata Evelio. Nikawaambia kwamba sauti ya pili ya nyumba yetu iko Uvira. Ndipo mjukuu wangu Neema akasema, kwa Kiingereza kama kawaida yake, "Babu, si umpigie tu?"

Uliimba vizuri, Furaha. Usidhani kosa lilikuwa lako. Kila neno lilifika, ila lilichelewa njiani. Caridad alikuwa amemaliza mstari, wewe ndiyo kwanza unaingia. Akangoja, nawe ukangoja. Ulipouliza, "Yaya, kaka yangu, mbona mmenyamaza?" nilikata, kwa sababu Caridad alikuwa analia na sikutaka umsikie.

Neema akashauri tukurekodi. Caridad akamuuliza, "Na nikivuta pumzi, rekodi itaningoja?" Ombi lako la viza ya kuja huku wamelikataa tena, na sijui mlango mwingine wa kubisha.

Jana Caridad aliimba mara ya mwisho, peke yake. Kila palipokuwa pa Evelio aliacha nafasi, gitaa likaendelea. Nilijua barabara ungeingia wapi, na kwa neno gani. Nilikaza meno nisije nikapanda nikamharibia. Tukakaa hivyo, chumba kizima, tukisikiliza pasipo na mtu.

Nisalimie shemeji yangu Bahati, mumeo, na shangazi yetu Mapendo anayetuombea bila kuchoka. Mama mkwe wako mwambie dawa yake ya kifua nimeipokea.

Jumamosi ijayo sijui nitakwenda wapi.

Ndimi kaka yako,
Eliya