Kitabu cha Bunduki Ulichoniuliza

Mjukuu wangu Hodan, salaam aleykum. Nyanya yako mzima, ngamia wamezaa.

Unataka kitabu cha sheria ya bunduki na kujilinda. Umeuliza bingwa, ingawa shule niliachia darasa la nne.

Anza na sheria yenyewe, halafu usome wanaoipinga. Nilipokuwa askari wa akiba kule Hulugho, nikilinda mifugo kwa bunduki ya serikali, mtu alikuja mbio kuelekea ngamia wetu. Nikadhani ni mwizi, nikamlenga bunduki kifuani.

“Asalaam aleykum,” akasema. “Shusha hicho kijiti, ndugu, nina kiu.”

Mdomo ukajibu wenyewe, “Waaleykum salaam,” na kidole kikagoma. Ningemuuaje mtu niliyemwambia amani iwe kwake? Akanywa maziwa yote.

Kitabu chenye sura hiyo sijakiona. Kiandike wewe, kujisifu niachie mimi.

Babu yako