Jiwe la nyuma ya tairi

Alhamisi, jioni

Leo nilikuwa karibu kumuua bibi yangu, mama ya binti yetu Neema, muchana kweupe, mbele ya watu.

Miaka yote hii levye ya vitesi, ile fimbo ya kubadilishia gia ya kamioneti yetu, ilikuwa imelegea. Kupata vitesi ya kwanza, ilibidi niisukume kushoto kabisa, kwa nguvu. Leo fundi wa mutaa wa Ndosho amebadilisha mipira iliyolika kule chini ya levye. "Muzee, sasa isukume kidogo tu," akaniambia. Nikaitika.

Freni ya mukono haishiki, kwa hiyo tunawekaga jiwe la volkano nyuma ya tairi. Nikawasha moteri, bibi yangu akaenda kuliondoa, kama kawaida. Na mimi, kama kawaida, nikasukuma levye kushoto kabisa. Ikaingia vitesi ya kurudi nyuma, ile inayokaa kushoto zaidi ya ile ya kwanza. Gari ikaruka!

Jiwe likaizuia. Bibi yangu alikuwa amesimama kwanza kukaza kitenge kabla ya kuliinamia, bila hivyo...

"Papa Neema, ulikuwa unaenda wapi?" Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Nikazima moteri.

Fundi alitengeneza vizuri. Ni mukono wangu tu haukumusikia.

Nimekuta ameweka lile jiwe mezani, karibu na sahani yangu. Bugali imepoa, na sijathubutu kuliondoa.