Siku Sita Baada ya Dhamana

Jumanne, 6 Mei

Barafu kwenye kisanduku cha chanjo, sindano, kamba, buti. Kabla ya saa moja nilikuwa barabarani. Lagangabilili kwanza, mbuzi wa mwalimu mmoja, jicho limevimba. Nusu saa, kwisha. Kisha Migato. Kaya nne zilikuwa zinanisubiri.

Sikufika. Kwenye mwinuko mmoja kati ya mashamba ya pamba nilitia gia ya tatu, gari likalia kama mtu anasaga mawe. Likatetemeka. Basi. Injini inaunguruma, magurudumu hayaendi, gia zote zimekufa.

Saa nne nzima juani. Barafu imeyeyuka, chanjo nimemwaga. Mwishowe mkulima mmoja alinivuta kwa trekta hadi Bariadi. Watu njia nzima wananitazama, daktari wa mifugo anaburutwa kama jembe.

Gari hili nililinunua jipya, miaka mitatu iliyopita, ili niache kuzunguka vijijini kwa pikipiki. Nimekasirika.

Jumatano, 7 Mei

Fundi Masanja amelala chini ya gari dakika kumi tu. Akafungua nati ya oili ya giaboksi, oili ikatoka inameremeta. Chenga za chuma. Akanionyesha kiganjani.

Nikamwambia afungue. Akakataa. Alisema akifungua yeye, Mwanza watasema yeye ndiye aliyeiua. Nimemheshimu sana kwa hilo, maana kazi hiyo angeipenda.

Nikapiga simu Mwanza, kwa kampuni iliyoniuzia. Binti akauliza namba ya gari, nikamsikia anabonyeza kompyuta.

"Mama, dhamana yako iliisha tarehe thelathini mwezi wa nne."

Siku sita. Gari limesubiri siku sita.

Giaboksi mpya nzima, alisema, na bei akanitajia. Nilipiga hesabu kwa lugha ninayoielewa: ng'ombe kumi na wawili, tena walionona.

Alhamisi, 8 Mei

Tumegombana na mume wangu, Baba Neema. Yeye ni afisa utumishi wa halmashauri, Mnyakyusa mtulivu, anapiga pasi mashati yake mwenyewe na anaamini karatasi. Anasema mkataba ni mkataba, ukiisha umeisha. Tukope, tulipe, maisha yaendelee.

Nimesema silipi. Mlio ule haukuzaliwa mwezi huu. Niliusikia zamani na niliwaambia.

Akauliza lini. Sikukumbuka. Nikaja kufunua daftari hili, ukurasa baada ya ukurasa. Nikaupata. Jumatano, 12 Februari: "Gari sevisi Mwanza. Gia ya tatu inalia. Fundi mzee mwenye kofia kalizungusha nami, kasikia. Kaunta wanasema ni kawaida. Nimekula sato, nimerudi."

Baba Neema akasoma mara mbili. Akasema hilo si ushahidi, ni mwandiko wangu tu.

Najua. Lakini sasa najua pia kwamba sijachanganyikiwa.

Jumatatu, 12 Mei

Mwanza kwa basi. Ofisi yenye vioo, sakafu inateleza, magari mapya yamepangwa kama maharusi.

Meneja wa huduma ni mtu mpole. Hilo ndilo linaloudhi. Akanitolea karatasi ya Februari: oili imebadilishwa, filta imebadilishwa, gari limeoshwa. Hakuna mlio. Kwenye mfumo hakuna, mama. Alisema "kwenye mfumo" labda mara kumi. Nikamuulizia yule mzee wa kofia. Yuko likizo. Nikaomba barua ya kukataliwa, yenye sahihi yake. Akasema haina haja.

Akaniletea maji. Nikayanywa. Nikasema asante.

Hiyo asante nimeijutia hadi Lamadi.

Jumatano, 14 Mei

Baba Neema ameandika barua. Sikumwomba. Nimerudi kutoka duka langu la dawa za mifugo nimemkuta mezani, miwani puani, rasimu ya tatu. Kurasa mbili. Tarehe, saa, kilomita, maneno yangu ya Februari. Chini kabisa "Nakala kwa", na orodha ya ofisi sita za serikali. Anasema maofisa hawasomi barua, wanasoma nakala.

Nilimwambia nilidhani anataka tulipe. Akasema alipigia simu kampuni kwa siri ili aombe kulipa kidogo kidogo, na aliyepokea akamwambia wanawake huwa hawajui kutumia klachi.

Miaka kumi na minane ninaendesha. Baba Neema mwenyewe hajui kuendesha kabisa. Tulicheka. Sijacheka wiki nzima.

Ijumaa, 16 Mei

Siku mbaya.

Simu asubuhi kutoka Migato. Mama Holo, mjane, mmoja wa wale wanne niliokuwa niende kwao Jumanne ile. Mitamba yake miwili haili, tezi za shingoni zimevimba, machozi yanatoka. Ndigana, ugonjwa wa kupe. Anayo mitamba minne tu, basi.

Nikapanda bodaboda, dawa nimepakata. Njia imeliwa na mvua za mwezi uliopita. Tulianguka mara moja, goti limechubuka. Nilipofika mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili nilimchoma sindano, akafa mikononi mwangu kabla ya mchana kugeuka. Povu puani. Mzuri, mwekundu, na doa jeupe kwenye paji.

Mama Holo hakulia. Aliuliza tu kama ningefika ile Jumanne ingekuwaje.

Nikamwambia kweli. Nilikuwa nije kwa chanjo ya ugonjwa mwingine, lakini huwa nawapapasa wote. Kupe ningewaona. Ningemwambia aogeshe.

Akatikisa kichwa. Nikarudi na bodaboda ileile.

Jumatatu, 19 Mei

Nimechoka lakini nataka kuandika yote.

Mzee Ngassa, mfanyabiashara wa ng'ombe, lori lake lilikuwa linaenda Mwanza tupu. Ng'ombe wake nimewatibu miaka saba. Jana tulisukuma gari langu kutoka kwenye tuta la udongo hadi ndani ya lori, tukalifunga kwa kamba za ng'ombe. Lori halikuoshwa. Nilikataa lioshwe.

Saa tatu asubuhi tulisimama mbele ya vioo vyao. Kinyesi, nzi, harufu yote ya mnada. Wateja wawili wenye tai wakatoka kuangalia. Meneja akatoka mbio akataka tupeleke nyuma. Nikamwambia lori limezimika. Dereva wa Mzee Ngassa alikuwa tayari ameweka funguo mfukoni, anachokonoa meno.

Nikampa barua. Akaanza juu. Akaruka chini, kwenye nakala. Hapo akavuta kiti.

Bado akasema yale yale. Hakuna aliyesikia mlio. Nikasema yupo aliyesikia. Akasema mama, mimi nafanya kazi na kumbukumbu, sio hadithi.

Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Yule mzee wa kofia alikuwa amesimama pale na tambara mkononi. Sijui kwa muda gani. Jina lake Mzee Rashidi, leo ndiyo nimelijua. Akaja polepole hadi mezani, hakunitazama mimi, alimtazama bosi wake.

"Mlio niliusikia mimi," akasema. "Niliandika kwenye kadi ya kazi: beringi ya gia ya tatu, lifunguliwe. Nikarudishiwa kadi, nikaambiwa niandike upya, niache hilo. Kadi ya kwanza sikuichana."

Akaitoa mfukoni mwa ovaroli. Imekunjwa mara nne, ina oili. Tarehe 12 Februari. Mwandiko wa mtu aliyesoma zamani, herufi zimesimama wima.

Nilitaka kulia na nilikataa kulia mbele ya yule mpole.

Gari limebaki Mwanza. Kadi nimeipiga picha mara tano.

Ijumaa, 23 Mei

Wamekubali. Giaboksi mpya, kazi juu yao. Wametuma karatasi ya kusaini kwanza. Inasema kampuni inanisaidia "kwa hisani, bila kukiri kosa", na kwamba sitalizungumza jambo hili popote.

Baba Neema akasema saini, tumeshapata gari. Nikachukua kalamu nikalikata neno hisani. Nikakata na mstari wa kunyamaza. Nikaandika juu yake: kasoro iliyoripotiwa ndani ya muda wa dhamana. Nikasaini hapo.

Akanitazama. Akaenda kuiskani akaituma yeye mwenyewe.

Sijaomba msaada kwa mtu. Nilinunua kitu, kikawa kibovu, nikasema. Kuna hisani gani hapo?

Jumatatu, 26 Mei

Mwanza bado hawajajibu. Nimemchanja mbwa wa hakimu. Duka wazi hadi jioni.

Nimempigia Mzee Rashidi. Wamemtoa karakana, wamempeleka stoo kuhesabu spea. Imebaki miezi minane astaafu. Nikamwambia nimemponza. Akasema stoo kuna feni.

Haijanifariji. Mtu wa miaka thelathini na moja ya spana, leo anahesabu nati. Nimemwomba Baba Neema aandike barua nyingine, hii ya kumsifu, nakala kwa wale wale sita. Wakimgusa zaidi, wajue kuna wanaoangalia.

Jumamosi, 31 Mei

Walisaini. Yale yote niliyoyakata yamebaki yamekatwa.

Nimelileta gari mwenyewe kutoka Mwanza. Meneja alinipa funguo bila maji. Kabla ya kutoka nilipita stoo. Mzee Rashidi akainuka, tukasalimiana kwa mikono miwili. Akanishauri oili ya giaboksi nibadilishe kwa Masanja, mapema kuliko kitabu kinavyosema. Akarudi kwenye makasha yake.

Gia ya tatu haina sauti. Niliitia na kuitoa hadi Magu kama mwendawazimu.

Jumanne, 3 Juni

Migato. Pamba imefunguka pande zote, watu wako mashambani na magunia.

Mama Holo alikuwa uani anapepeta. Nikamsalimu kwa Kisukuma: mwadila, mayu. Akaitikia, akanipa kigoda na maziwa mgando. Hakuuliza habari za gari. Mimi pia sikusema.

Mitamba yake miwili iliyobaki ilikuwa imefungwa chini ya mgunga. Nikaipapasa shingo, masikio, chini ya mkia. Safi. Ameogesha. Nikatoa chanjo. Nikamwambia leo sitamtoza.

Akaweka ungo chini.

"Utanitoza," akasema. "Nikikuita kesho nataka uje kwa sababu nimekuita, sio kwa sababu unanihurumia."

Nikasema sawa.

Akamshika mtamba wa kwanza mwenyewe, mkono mmoja puani, mwingine pembeni. Mtamba akatulia. Nikachoma.