Rafiki Yangu Anachipua

3 Machi

Mpwa wangu Daktari,

Mimi mzima wa chuma, na wewe? Mji huu ungelala sakafuni bila mkono wangu. Jaji akikalia kiti nilichokipiga vanishi, hatoi hukumu, anasinzia kwa raha.

Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu, jitu la miraba minne. Ameota vitu panapofichwa na suruali. Vilianza kama punje za mtama, laini, rangi ya ngozi yake. Haviumi. Sasa vimejikusanya kama ua la koliflawa. Kila akisinzia, anaota kabati linachipua, droo zinafunguka zenyewe, maua yanamwagika.

Amehamia karakana, analala juu ya maranda. Mkewe anadhani kuna mwanamke. Alijaribu msasa laini akaona nyota mchana. Je, apake vanishi?

Mjomba wako

10 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kifua chako na lile vumbi la mbao vinaendeleaje? Sisi tuko salama.

Msasa aache, vanishi asiguse! Kwa maelezo yako yaelekea ni masundosundo, vinyama vya sehemu za siri, lakini lazima aonwe. Huletwa na kirusi kinachopita ngozi kwa ngozi watu wakikutana kimwili. Huota kimoja au kundi, bapa au kilichoinuka, kwenye uume, korodani, hata karibu na njia ya haja kubwa. Kwa mwanamke huota hata ndani, asikoona. Pengine huwasha tu.

Kirusi chaweza kulala miezi, hata miaka, kabla ya kuchipua. Kwa hiyo si ushahidi wa mwanamke mpya. Mkewe naye achunguzwe, pamoja na mlango wa kizazi. Kuna dawa ya kupaka, kuna kugandisha kwa baridi kali.

Na arudi nyumbani, Mjomba. Mkaza mjomba amenipigia simu analia.

Mpwa wako

28 Machi

Mjomba, shikamoo. Mbona kimya? Rafiki yako yu hai?

Mpwa wako

9 Aprili

Mpwa wangu,

Afya tele, usitie shaka.

Rafiki yangu alimwambia mkewe. Mama yule alimpangusa maranda kichwani. Kisha akasema, “Fundi mzima, unajipiga msasa?” Akacheka hadi akalia. Usiku ule maranda yalilala peke yao.

Hospitali walikwenda wote. Mama hajaonekana na kitu, majibu ya mlango wa kizazi bado. Jamaa aliingia kama simba. Muuguzi akafungua chombo cha kugandishia, ubaridi ukamwagika mezani kama ukungu wa ndotoni. Mashahidi wapo, hakutikisika hata ukope.

Ni kweli, mpwa wangu, sikutikisika. Nilikuwa nimezimia kabla haujanigusa. Mkaza mjomba wako ndiye aliyenipandisha suruali.

Mjomba wako