Siku Mama Alipoketi Kiti cha Mbele

Mpendwa Baba Odile,

Mama amefariki. Tulimzika Jumamosi iliyopita huku mtaani Panda, mvua ikitunyeshea sote bila kubagua mkubwa wala mdogo. Hakuteseka sana, alijilaza mchana baada ya kula na hakuamka tena. Pale makaburini wajomba waliuliza swali juu yako, na kwa kuwa hukuwepo ilinibidi nijibu mimi. Wanataka kujua kama mimi bado ni mke wa mtu au ni mjane. Nimeshajibu, na nitakwambia nilivyojibu. Ila kwanza niache nikukumbushe lile gari lako, maana bila gari lile wewe na mama msingezungumza hata siku moja.

Ulilipata kwa yule Mgiriki mwenye duka la vitambaa, alipokuwa anafunga ili arudi kwao. Lilikuwa gari la kabla ya vita, vita vile vya Wazungu, na kuku walikuwa wametagia kwenye kiti cha nyuma. Alikwambia ulichukue kama unaweza kuliondoa. Ukakusanya wenzako wa karakana, mkalisukuma kutoka mjini hadi Panda mkiimba kama watu wanaosindikiza bibi harusi, na mimi nikawapokea mlangoni nimeshika kiuno. Wakati huo mishahara ilikuwa imekawia hata tukasahau rangi yake. Wanaume wengine walikuwa wanalima mahindi nyuma ya nyumba; wewe uliniletea chuma chenye umri wa mama yangu. Nilikununia wiki nzima, na wala hukutambua, kwa sababu ulikuwa chini ya gari.

Mama alikuja kukaa nasi mwaka uleule, baada ya baba kufa kule Kapolowe. Ninyi wawili mlishika mwiko wa ukwe kuliko amri za Mungu. Mkwe hamtazami mama wa mkewe usoni, hali mbele yake, hapiti karibu naye, na kuketi naye mahali pamoja ndiyo aibu kubwa kuliko zote, mpaka siku ukoo wa mke utakapompikia na kumwingiza rasmi nyumbani. Sisi sherehe hiyo tuliiahirisha kila mwaka, mara msiba, mara njaa. Basi katika ua mmoja ule, mama akitoka jikoni wewe unaingia uvunguni mwa gari. Ukitoka wewe, mama anageukia ukuta. Paroko alimwambia kwamba si dhambi kumsalimia mkwe, naye mama akamjibu kwamba paroko hana binti.

Sikumbuki vizuri ni lini alianza. Nakumbuka tu alasiri moja ulikuwa umelala chali chini ya injini, miguu nje, na mama akasimama nyuma ya ukuta wa jiko, sahani ya ugali mkononi, akaliambia gari: "Weye motoka, ambia bwana yako bukari inapola." Kisha sauti yako ikatoka huko chini: "Motoka, ambia mama aksanti. Minye nakuya."

Tangu siku ile gari likawa tarishi wa nyumba yetu. Mama aliliuliza gari kama kikohozi chako kimepungua. Aliligombeza gari kwa kukosa misa. Siku uliporudi umelewa munkoyo uliochacha, gari lilisemwa mpaka majirani wakalihurumia. Nawe ulijibu kila kitu kwa adabu, ukiliomba gari lifikishe salamu. Mimi nilikuwa najifanya nachambua majani ya matamba, kumbe nimekaza meno nisicheke.

Polepole, na mimi nikalipenda. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na wewe ulikuwa umelivua gari zima, vipande vyake vimejaa mpaka chini ya kitanda chetu. Mbao za milango zilikuwa zimeliwa na mchwa. Ukachonga nyingine za mulombwa, nyekundu, nzuri kuliko za Wazungu. Mama akashona kiti cha mbele upya, kiti kimoja kirefu, akakijaza sufi na kukivalisha kitenge chake. Aliposikia kwamba injini inakataa kwa sababu lile bamba jembamba la shaba, linalokaa kati ya injini na kifuniko chake, limeungua, na kwamba hakuna duka lolote lenye kitu hicho, alicheka sana. Mji huu wa machimbo ukose shaba? Ukapata kipande, ukakikata, ukahitaji moto wa kukilainisha. Mama akaleta mbabula yake ya makaa. Bado nawaona: yeye anapepea moto amekupa mgongo, wewe umechuchumaa umempa mgongo, koleo linapita katikati, shaba inageuka nyekundu na kuzama majini. Mlifanya kazi ile bila kutazamana hata mara moja, na haikukosewa hata sehemu moja.

Injini ilipowaka mara ya kwanza, baada ya kuizungusha kwa mkono hadi bega likakuuma, ulinishika ukanizungusha uani mikono yako ikinuka petroli. Nilikwambia uniache, watu wanaona. Leo nisingekwambia hivyo.

Mwaka uliofuata ndio ule ambao sote tunaujua. Wewe ulizaliwa hapa Likasi, ukabatizwa hapa, ukafanya kazi hapa, lakini baba yako alitoka Kasai, na ghafla hilo likawa kosa. Nyumba za watu wa kwenu ziling'olewa mabati mchana kweupe. Watu walikuwa wanakusanyika stesheni na watoto na masufuria, wakisubiri treni. Wewe ulikaa ndani siku nyingi bila kutoka, na mimi nilikuwa na mimba kubwa. Nilitaka twende wote. Ukakataa, ukasema wanawake wanajifungua kwenye sakafu ya stesheni na wengine hawainuki, nibaki na mama, utatuita ukishapata pa kukaa. Tuligombana kwa kunong'ona.

Shida ilikuwa njiani. Vijana waliotoka mbali, wasiotujua, walikuwa wameweka kizuizi, na kila mwanamume aliyepita aliulizwa ukoo wake. Ulisema utajaribu kwa gari, mimi nikiwa kando yako na tumbo langu. Tukaleta mfuko wako uani. Hapo ndipo mama alipotoka ndani, amevaa kitenge cha misa, akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya usukani. Akanionyesha kiti cha nyuma. Kisha akakutazama usoni, na safari hii hakuliambia gari. Alisema: "Mutoto yangu, twende."

Nilikuona. Uliogopa kiti kile kuliko kizuizi.

Tulipofika kizuizini, kijana mmoja akainamia dirishani akamwuliza mama huyu bwana ni nani. Bega lake na lako yalikuwa yamegusana. Mama hakusema uongo, namjua, hakuwahi kusema uongo. Aliuliza tu: "Mulishaona fasi gani mama mukwe anaikala na mukwe yake kiti moja?" Kijana akacheka, wenzake wakacheka, jambo kama hilo nani ameliona. "Basi, huyu njo nani kwangu?" akawauliza. "Njo mutoto yako, mama," wakajibu wenyewe. Akawaambia binti yake kule nyuma anataka kuzaa, wakaondoa gogo.

Stesheni ulishuka haraka, ukaniambia nirudishe gari kabla barabara haijaharibika zaidi. Ulikuwa umenifundisha kuliendesha uani tu, mbele na nyuma. Nililiendesha hadi Panda kwa gia moja, nalia, tumbo likigonga usukani, na mama kando yangu akiomba rozari kwa sauti ya juu.

Mwanao Odile alizaliwa wiki hiyo. Ni mtundu, ana masikio yako. Mtu mmoja alisema alikuona ukishuka Mwene-Ditu, kule Kasai, umekonda lakini mzima. Baada ya hapo, miaka yote hii, sijasikia lolote, na sasa kwa vita hivi hata treni haziendi huko. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita kila mwezi wanataka radieta na shaba yote iliyomo, nami nawafukuza kwa maneno ambayo paroko asingependa kuyasikia. Nakukosa, Baba Odile. Nakukosa zaidi saa za alasiri, ua unapokuwa kimya na hakuna miguu inayotokeza chini ya kitu chochote. Wakati mwingine nakasirika, nasema labda umeoa huko. Kisha hasira inaisha na wewe bado hupo.

Sasa nifike kwenye swali. Unajua kwa ukoo wetu mkwe ndiye anayeshuka kaburini kumtandikia mama mkwe blanketi. Mkwe akiwa amekufa, anawekwa mwanamume mwingine mahali pake, na mwanamke anaanza kuvaa ujane. Jeneza lilikuwa tayari kando ya shimo. Mjomba mkubwa akanigeukia mbele ya watu wote, akasema: "Kama mukwe alikufa, sema. Tutaweka muntu mwingine." Kijana wa kushuka alikuwa ameshavua viatu.

Nikachukua blanketi mikononi mwake. Nikasema: "Hakukufa. Iko mu njia."

Wakazika hivyo hivyo, mama bila blanketi, kwa sababu ya neno langu. Blanketi ninalo hapa nyumbani, limekunjwa, na wajomba wananitazama. Nimesema uko njiani mbele ya mama, ambaye hakuwahi kusema uongo. Tafadhali usinifanye mwongo.

Mke wako,
Mama Odile