Jiwe Jeupe Lililokuchukua, Baba

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa nyumbani Kasongo, ingawa najua hakuna wa kukufikishia maneno haya. Tangu ile mvua sijapata njia nyingine ya kusema nawe.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponipeleka kwenye jiwe jeupe, kule ukingoni mwa Lualaba. Ulilaza baiskeli majanini, ukaushika mkono wangu na kuupitisha juu ya mistari ya duara iliyo kwenye jiwe, imepangana kama kitunguu kilichokatwa.

"Gusa, mama," uliniambia, maana ndivyo ulivyozoea kuniita mimi binti yako. "Hapa tuko ku bahari."

"Bahari iko wapi? Miye naona muto tu."

Ulicheka. "Ilikauka zamani sana, mbele hata samaki hawajakuwa duniani. Hapa ilikuwa pwani. Vidudu vidogo sana ndivyo vilijenga hii jiwe, kidogo kidogo."

Ukanieleza kwamba mababu zetu waliokuja na misafara ya biashara walichoma vipande vyake, wakapata chokaa ya kupaka nyumba zao kama walivyofanya kwao, pwani ya mashariki. Waliobeba mawe hayo kichwani walikuwa watumwa, nao pia ni mababu zetu. Hilo ulilisema polepole, hukucheka tena.

Kila mwaka uliwapeleka pale wanafunzi wako wa jiografia. Kisha wachoma chokaa wakaja na mitarimbo, wakaanza kulichimba kwa chini. Ulikwenda kuwaomba waache upande wenye duara.

"Prof, jiwe ni jiwe," mkubwa wao alikujibu. "Watu wanajenga."

Ulirudi tena kuwaomba, asubuhi baada ya mvua kubwa. Nilikuwa nyuma yako njiani. Nilisikia ardhi ikinguruma, na nilipofika, nusu ya jiwe ilikuwa imeporomokea mtoni, nusu nyingine imelala pale ulipokuwa umesimama.

Tulichimba kwa majembe na kwa mikono. Mwishowe sheikh alitusalisha bila maiti mbele yetu. Wachoma chokaa waliendelea kuondoa mawe, nami nilikwenda kutazama kila jiwe lililoinuliwa. Nilitamani kukupata, na niliogopa kukupata. Juma lililopita rundo lilikwisha. Chini yake kulikuwa na udongo mtupu.

"Muto ulimubeba," mkubwa wao alisema, bila kunitazama usoni.

Niliporudi, nilimkuta Mama chumbani kwenu. Sanda aliyokununulia alikuwa ameiweka kitandani, upande wako. Jana jirani yetu alifiwa na mtoto, naye hakuwa na kitambaa cha kumzikia. Mama aliichukua ile sanda, akaikata kwa mkasi, akampa kipande. Kilichobaki akakikunja vizuri.

"Kitatosha mutoto mwingine," alisema.

Nakuaga, Baba, na bila kaburi sijui nigeukie upande gani.

Binti yako